Mgeni Ndani ya Stata

Taa ya kupimia iliwaka vizuri, na hilo ndilo lililomkera Faustini. Angeiona imefifia au imegoma kabisa angefurahi, maana fundi umeme wa magari huishi kwa kutafuta mahali umeme ulipokufa. Gari lisilopiga stata si kazi ngumu, ni kazi ya uvumilivu tu. Unaanzia kwenye betri, unaufuata umeme kwa waya mmoja baada ya mwingine, na pale unapoishia ndipo penye ugonjwa. Umeme wa pikapu ya Abuu, ile ya milango minne, haukuishia popote. Ulikuwepo kwenye betri, ukawepo kwenye waya mnene, na Abuu alipozungusha funguo ukafika mpaka kwenye kile kiwaya chembamba kinachoiamsha stata. Hapo stata ilipaswa kulia. Haikulia, wala haikutoa hata ule mlio mdogo wa tik unaotolewa na stata iliyozeeka.

"Taa za mbele zimefifia ulipowasha?" Faustini aliuliza kutoka chini ya gari.

"Hata kidogo. Zinawaka kama za harusi."

"Basi haili umeme kabisa," Faustini alisema, zaidi kwa nafsi yake.

Ilikuwa Jumatatu mchana, mwezi wa saba, katika kijiji cha Sanzawa ambako mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha Aprili na vumbi lilikuwa limeshakaa kila mahali, mpaka kwenye sufuria. Gereji ya Faustini ilikuwa ua wa nyumba yake. Upande mmoja kulikuwa na mabati mawili yaliyoegeshwa juu ya nguzo, upande wa pili kibaraza, na kibarazani alikuwa amekaa mkewe Sidonia akimenya karanga, bakuli likiwa juu ya tumbo lake kama juu ya meza.

Tumbo hilo ndilo lililomfanya Faustini aharakishe. Sidonia alikuwa amepasuliwa mara mbili, na mara zote mbili walirudi nyumbani mikono mitupu. Daktari wa Kondoa alikuwa amewaeleza bila kuwaficha: kovu lile halitastahimili uchungu, uchungu ukimkuta kijijini mama na mtoto wanaondoka pamoja, kwa hiyo aje mapema, akae hospitali, apasuliwe kwa utaratibu. Siku ya kwenda ilikuwa Alhamisi. Gari la kwenda nalo ndilo hili lililolala uani, maana pikipiki daktari alikuwa amezikataza kwa tumbo lile, na Sanzawa haikuwa na gari jingine isipokuwa malori ya siku ya mnada, na mnada ulikuwa bado wiki mbili.

Faustini aliifungua stata akaiweka juu ya benchi, akaigusisha betri. Ilizunguka kwa nguvu ikataka kumponyoka mikononi. Akairudisha, akakaza nati, akaongeza na waya mwingine wa ethi, ule wa kuurudisha umeme, kutoka kwenye betri hadi kwenye bloku ya injini, ili asije akasingiziwa uvivu. Kimya.

Ikabaki dawa ya wahenga wa gereji. Stata ambayo kaboni zake zimelika huamka ikigongwa, na hakuna fundi asiyejua hivyo hata kama mbele ya wateja atajifanya hajui. Akachukua nyundo, akajisogeza chini ya gari mpaka uso wake ukawa karibu kabisa na stata, miguu yake ikabaki nje juani.

"Abuu, washa, ushikilie hapo hapo."

Akaigonga kwa mpini. Ko, ko, ko. Kimya. Akaondoa nyundo, akatulia kusikiliza.

Ndani ya stata, kando ya sikio lake, kitu kikagonga. Ko, ko, ko.

Sasa, mtu aliyelelewa na mama mwenye adabu hawezi kubishiwa hodi akakaa kimya. Kinywa chake hujibu kabla ya akili kuuliza ni nani. Faustini alikuwa amelelewa vizuri.

"Karibu," alisema.

"Unamkaribisha nani huko chini?" Abuu aliuliza akicheka.

Harufu ilikuwa imemjia Faustini. Ilikuwa harufu ya mvua ya kwanza, ile ya ardhi iliyoungua jua ikinyeshewa ghafla, harufu ambayo mwezi wa saba haipo Sanzawa hata kwa kununua. Kisha kitu kikairuka miguu yake. Hakukiona. Alihisi kivuli kikipita juu ya magoti, ubaridi kidogo, halafu akasikia mchanga wa uani ukilia kwa hatua za mtu asiye na haraka, zikitoka kwenye gari zikielekea kibarazani.

"Shikamoo," Sidonia alisema.

Faustini akajiburuta kutoka chini ya gari haraka mpaka akajikwaruza kiwiko. Ua ulikuwa mtupu. Sidonia alikuwa ameinua uso, mkono wenye karanga ukiwa umesimama hewani, macho yake yakitazama mlango wa nyumba.

"Umemwamkia nani?"

"Si yule mzee..." Aligeuka kulia na kushoto. "Kuna mzee amepita hapa sasa hivi, Faustini. Au nimesinzia?"

"Umesinzia," alisema Faustini, naye akatamani sana iwe hivyo.

* * *

Jumanne alifanya kazi kama mtu aliyekasirishwa. Aliazima betri mpya ya mashine ya kukamulia alizeti, akaifunga, ikawa bure. Akabadilisha swichi. Akaita wanaume sita waisukume pikapu ikiwa gia ya pili, nao wakaisukuma mpaka mishipa ya shingo ikawatoka, lakini tairi za nyuma zilikataa kuzunguka, zikaburuzika zikiacha mistari miwili mchangani kana kwamba injini imeshikana. Akaingiza spana kwenye puli ya mbele, akaizungusha injini kwa mkono mmoja. Ikazunguka laini kabisa, bila kukwama popote.

"Injini huru. Betri nzima. Stata nzima," Abuu alihesabu kwa vidole. "Kilichokufa ni nini, fundi?"

"Mimi," Faustini alisema, na Abuu akacheka, lakini hakucheka sana.

Saa kumi, jirani mmoja alikuja na pikipiki yake kujaza upepo. Aliingia nayo uani ikiunguruma, akaizima, na ilipofika wakati wa kuondoka haikuwaka, si kwa stata wala kwa kiki. Alipoisukuma hadi nje ya ua na kupiga kiki mara moja, ikawaka. Faustini aliyaona hayo kwa macho yake akayaweka moyoni bila kumwambia mtu. Fundi akishajua kwamba hitilafu iko ndani ya ua na si ndani ya gari, anayo maswali ambayo spana haijibu.

Jioni hiyo Sidonia alipakua chakula. Aliweka sahani ya mumewe, akaweka yake, akaweka ya tatu, akaanza kuipakulia ugali. Alipofika kwenye mboga mkono wake ukasimama.

"Hii nampa nani?" aliuliza polepole.

Wakatazamana. Kwenye kona ya sebule kulikuwa na kiti cha kamba cha marehemu babake Faustini, ambacho watu wa nyumba hiyo hawakukikalia kwa heshima tu. Kiti kikalia. Kamba zake zilitoa ule mlio wa kukazwa unaosikika mtu mzito anapojiweka vizuri ili ale.

"Faustini," Sidonia alinong'ona, "kiti kinalia."

"Ni upepo."

"Upepo haukohoi, mume wangu. Mimi namsikia tangu mchana. Anakohoa, anakunywa maji mtungini, nikipita karibu naye najisikia baridi hapa." Aliweka kiganja ubavuni mwa tumbo. "Na mtoto akisikia kile kikohozi anaacha kucheza. Anajikunja kama anajificha."

Faustini alikuwa anaogopa, na aliogopa zaidi kwamba mkewe atauona woga wake. Akavuta sahani ya tatu akaifunika. Walipoifunua asubuhi ugali ulikuwa pale pale haujaguswa, ila ulikuwa umeota ukungu mweupe wenye manyoya, ukungu wa siku kumi, na sebule nzima ilinukia mvua, na chini ya harufu hiyo ya mvua kulikuwa na nyingine, ya kitu kilichofia kisimani.

* * *

Jumatano Abuu alikuja mapema akiwa amevua kofia yake ameishika mkononi.

"Fundi, kuna jambo sikukwambia."

"Niambie sasa."

"Jumapili nilipokuwa natoka Kolo, jua la utosini, niliona mzee ananipungia mkono pembeni ya barabara. Kanzu ya vumbi. Nikasimama nimpe lifti, sababu jua lilikuwa kali. Nilipofika pale hapakuwa na mtu. Mlango wa upande wa pili ukafunguka, ukafungwa. Nikasema ni upepo. Gari likadidimia upande ule mpaka springi zikalia, nikasema ni upepo."

"Upepo unaodidimiza springi?"

"Ningesema nini, fundi? Nilikuwa peke yangu porini. Nikaendesha mpaka hapa kwako bila kuzima gari, na sikugeuka upande wa kiti kile hata mara moja."

Faustini alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, na siku nyingine angeona aibu kwenda kwa mtabibu wa majini. Siku hiyo alikwenda karibu akikimbia. Bi Kuluthumu alikuwa mwanamke wa Kolo aliyeolewa Sanzawa miaka hamsini iliyopita, mwembamba, mkali, na hakuna nyumba ambayo hakuwahi kuitwa, ya Mwislamu wala ya Mkristo. Alikuja na chetezo chake, akaingia sebuleni, na kabla hajaonyeshwa chochote akaketi mkekani akikielekea kiti cha kamba. Alichoma ubani. Aliongea Kiarabu kidogo, kisha Kirangi, kisha Kisandawe chenye milio ya kugonga ulimi, akinyamaza kila baada ya maneno machache kama mtu anayesubiri jibu, na kwa namna alivyokuwa akitikisa kichwa, majibu alikuwa anayapata. Faustini na Sidonia walisimama mlangoni wameshikana mikono.

Mwishowe akageuka.

"Nani kati yenu amemkaribisha?"

Faustini alipiga hatua moja mbele. "Mimi, bibi. Alibisha hodi. Sikuwaza."

"Hukuwaza." Bi Kuluthumu alifyonya. "Angekuwa amevamia, ningemtoa hivi hivi tulivyokaa. Nimeshawatoa wabaya kuliko huyu, wakatoka wanalia. Lakini huyu ananiambia, bibi, mimi ni mgeni, nimebisha, nimekaribishwa na mwenye nyumba, mama amenipa shikamoo, nimetengewa sahani. Nimwambie nini? Mimi si mwenye nyumba hii."

"Bibi, mke wangu anapaswa kuwa Kondoa kesho," alisema Faustini, na sauti yake ikapasuka. "Asipofika atakufa. Nifanye nini?"

Bibi alimtazama Sidonia, akalitazama tumbo, ukali ukampungua.

"Mgeni hafukuzwi, mwanangu. Mgeni anasindikizwa. Leo mchinjie kuku, mpikie ugali wa mtama, mwekee asali, ule naye kwa heshima. Kesho alfajiri mwambie safari imewadia, utangulie, yeye atakufuata. Ukifika mpe mkono wa kwaheri, rudi, usigeuke nyuma."

"Nimsindikize mpaka wapi?"

"Mpaka pale mnapowaachia wageni wenu. Unataka mimi nikufundishe adabu za kwenu?"

Faustini alifanya yote. Alichinja jogoo, akala akikielekea kiti kitupu, na alipomaliza akasema asante kwa kula nasi, akaona mwenyewe jinsi anavyozidi kuzama katika adabu.

Alhamisi, mbingu ikianza kuwa nyeupe, alisimama mbele ya kiti akasema safari imewadia. Kamba zikalia zikilegea. Akatoka bila kugeuka, na nyuma yake mchanga ukaanza kulia.

Watu wa Sanzawa wageni wao wanawaachia barabarani, mahali mgeni atakapopata gari. Faustini hakuwahi kumsindikiza mtu kwingine, na asubuhi ile hakuwaza kwingine. Aliwaza kifundi pia: huyu anapenda lifti, basi aachwe njiani, achukuliwe na mwingine, aende zake. Ila alitaka awe mbali. Akaupita mti wa mgunga ambapo watu husubiri gari, akaendelea na barabara ile ile mwendo wa saa moja na nusu, zile hatua zikimfuata kwa mwendo wake mwenyewe, akipunguza zinapunguza, akiongeza zinaongeza, na harufu ya mvua ikimpiga kisogoni, mpaka alipofika kwenye karavati la bondeni ambako hakuna nyumba wala mtandao wa simu. Hapo akasimama. Akageuza uso pembeni, akanyoosha mkono nyuma yake.

Mkono ukapokelewa. Kiganja kilichomshika kilikuwa baridi na laini kabisa, hakikuwa na mkunjo hata mmoja, kama mpira mpya, na kilimshika kwa muda mrefu kuliko watu wanavyoshikana.

"Haya, safari njema," alisema Faustini. Halafu, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyowaaga wageni tangu akiwa mtoto, na kwa kuwa ulimi unajua njia yake, akaongeza, "Karibu tena."

Alijiuma midomo mpaka ikatoka damu. Kiganja kikamwachia. Alirudi Sanzawa bila kugeuka, na njia nzima alijiambia kwamba ni maneno tu, kwamba watu huambiwa hivyo kila siku na hawarudi.

* * *

Saa tano asubuhi Abuu aliingia ndani ya pikapu, akazungusha funguo, na stata ikalia kwa mguso wa kwanza. Abuu alipiga kelele. Majirani walipiga vigelegele. Bi Kuluthumu, aliyekuwa amekuja kuhakikisha, aliinamisha kichwa akasema alhamdulillahi.

"Ulimwacha vizuri?" alimuuliza Faustini.

"Vizuri, bibi."

"Ulisema nini?"

"Safari njema."

Hakuongeza lile lingine. Aliona aibu, na zaidi ya aibu, kulikuwa na furaha uani ambayo hakutaka kuiharibu. Halafu Sidonia akatoka ndani akiwa amejishika kiunoni, uso umemlowa jasho, akasema kwa sauti ndogo kwamba tangu alfajiri kuna kitu kinamkaba na kuachia, kinamkaba na kuachia, na hakutaka kumsumbua mtu wakati shughuli haijaisha. Furaha ikakatika pale pale. Wakamweka kiti cha nyuma juu ya mto, Faustini akakaa ubavuni mwake, na Abuu akaondoa gari kwa kasi ambayo hakuwahi kuliendesha.

Ilikuwa baada ya kuupita mgunga ndipo Faustini alipokumbuka kwamba barabara ya kwenda Kondoa ni hiyo hiyo. Hakuwa ameisahau; anaijua kama kiganja chake. Hakuwa ameziweka pamoja tu, barabara aliyomwachia mgeni na barabara atakayopita mkewe, na Sanzawa haina barabara mbili.

"Abuu," alisema, "mbele kuna karavati. Usisimame. Hata ukiona mtu. Hata akiwa mama yako mzazi."

Abuu alimtazama kwenye kioo, akaelewa, akakanyaga mafuta.

Waliteremka bondeni vumbi likiwafuata, karavati likaonekana jeupe juani, pembeni yake hapakuwa na mtu, hapakuwa na kitu kabisa, na Faustini akaanza kusema Salamu Maria, akafika nusu, injini ikazima. Haikukohoa wala kusitasita kama gari lililokosa mafuta, ilizima kama mtu aliyezibwa mdomo, na pikapu ikateleza kimya juu ya changarawe ikipungua, ikipungua, Abuu akizungusha funguo na kupiga usukani na kumtaja Mungu wake, mpaka ikasimama katikati ya karavati, na mlango wa nyuma, ule wa upande wa Sidonia, ukafunguka taratibu, ukakaa wazi kwa muda ambao mtu mzima anahitaji ili kuinua mguu na kupanda, springi zikalia, mlango ukafungwa kwa upole, na ndani ya gari kukanukia mvua.

Kisha uchungu ukamkamata Sidonia akapiga kelele.

Faustini aliruka nje akafungua boneti. Alijua hakuna kitakachosaidia, ila mikono yake haikujua kazi nyingine. Akagusa betri, taa ikawaka. Akagusa stata, taa ikawaka. Alilia huku akipima, machozi yakidondoka juu ya betri yenye moto, na taa ile ndogo ikaendelea kuwaka kila alipoigusisha, umeme mzima, kila kitu kizima. Simu haikuwa na mtandao. Gari jingine halingepita mpaka siku ya mnada. Akarudi mlangoni, akapiga magoti kwenye changarawe.

"Mzee wangu," alisema akikitazama kiti, "nakuomba. Huyu mama anakufa. Tufikishe Kondoa, kisha nifanye unavyotaka mimi."

Abuu akazungusha funguo. Kimya.

"Tukuchukue Kondoa na wewe. Popote."

Kimya.

Sidonia alikuwa amefumba macho, kichwa kikigeuka huku na huku. "Nirudisheni nyumbani," alisema kwa kuweweseka. "Nataka kulala. Turudi nyumbani."

Stata ikalia. Abuu hakuwa ameishika funguo, mikono yake yote miwili ilikuwa usoni, na injini ikawaka ikatulia vizuri, laini, kama siku ilipotoka kiwandani. Abuu akacheka kwa sauti, akatia gia, wakasonga mbele. Walipolimaliza karavati upande wa Kondoa, ikazima.

Faustini alielewa kabla ya Abuu: mgeni alikuwa ameambiwa karibu tena, na sasa alikuwa anarudi. Hata hivyo alijaribu tena, kwa kuwa fundi hapimi mara moja. Akasema kwa sauti, turudi nyumbani, ikawaka. Wakaelekea Kondoa, ikazima baada ya hatua tano. Akasema tena, ikawaka. Wakaelekea Kondoa, ikazima. Mara ya tatu damu ilikuwa imeshalowesha mto, na uchungu wa Sidonia ulikuwa umekatika ghafla, jambo ambalo daktari alikuwa amewaambia wasilifurahie hata kidogo. Hitilafu ilikuwa imepatikana.

"Fundi," Abuu alisema bila kugeuka, sauti yake ikiwa ya mtoto, "nifanyeje?"

Kondoa kwa miguu, akiwa amembeba, ilikuwa mwendo wa siku mbili. Nyumbani kulikuwa na nesi mmoja wa zahanati ambaye hakuwa na kisu wala chumba cha kupasulia, lakini alikuwa na kitanda na kivuli. Faustini alitazama barabara iliyo mbele, nyeupe, iliyonyooka, isiyo na mtu. Alimchukia Mungu kwa dakika hiyo na alijichukia mwenyewe zaidi.

"Geuza," alisema.

Injini iliwaka kabla hajamaliza neno. Abuu aligeuza gari pale penye nafasi, akilia waziwazi, na pikapu ikapanda mlima wa Sanzawa kwa nguvu ambazo haikuwahi kuwa nazo hata ikiwa tupu. Faustini alimkumbatia mkewe. Alikuwa mzito, na mikono yake ilikuwa imeanza kupoa kwenye ncha za vidole. Baada ya muda Sidonia alifumbua macho, akageuza uso kidogo upande wa mlango, kisha akajisogeza kwa taabu kumwelekea mumewe, akijibana, akiacha nafasi kwenye kiti.

"Faustini," alisema. "Kondoa si iko nyuma yetu?"

"Ndiyo, mke wangu," alijibu. "Iko nyuma."